Mgeni wa Mlango wa Nyuma

Mtu akipanga siku ya kuonana na mpenzi wake kwa mara ya kwanza hupanga mpaka soksi, na Ildefons hakuwa mtu wa kupitwa na mambo hayo. Shati jeupe la mikono mirefu lilikuwa limepigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Ndevu zilichongwa na kinyozi wa Muleba mjini, ambaye hakuacha kumuuliza kama anakwenda kutoa posa. Kilichobaki kilikuwa zawadi, na hapo hakuumiza kichwa. Kwao Kimwani mtu haendi ugenini mikono mitupu. Aliingia shambani kwa baba yake, Ta Joackim, akapita mgomba kwa mgomba, akakata mkungu ulioshiba kuliko yote.

"Unampelekea nani?" mzee alimuuliza.

"Rafiki yangu wa Bukoba, Tata. Nyumbani kwao wamenialika chakula cha mchana."

"Basi chagua mkubwa zaidi ya huo. Wasije wakasema kwetu tumefilisika."

Ildefons alicheka. Laiti mzee angejua. Mkungu ule ulikuwa unakwenda kwa mwanaume ambaye mwanawe alikuwa akilala na simu kifuani, akisubiri sauti yake kama mgonjwa anavyosubiri dawa. Jambo hilo halikuwa la kutajwa Kimwani, wala Bukoba, wala popote. Rafiki lilikuwa neno la salama, na wote wawili walikuwa wamelizoea.

Walikuwa wamekutana kwenye mtandao ule wa siri, ule ambao wanaume wanaopenda wanaume huwekeana picha na salamu. Ildefons aliingia humo akiwa na njaa ya kuzungumza na mtu anayemwelewa. Alichokikuta kilimshangaza. Yeye alikuwa mwalimu wa Jiografia, mtu wa maneno matamu, mcheshi, na mwenye sura ya kupendeza ukimtazama vizuri. Ila alikuwa mweusi, mweusi kwelikweli, weusi wa baba na babu. Na humo mtandaoni watu walikuwa wameandika bila aibu chini ya picha zao: Waarabu, Wahindi na machotara tu. Weusi tii msinisumbue. Wengine waliongeza maneno ya kujisafisha: si ubaguzi, ni chaguo langu. Waliokuwa wakiandika hivyo, wengi wao walikuwa weusi kama yeye! Mmoja wa Dar es Salaam alizungumza naye wiki nzima, akamwita mpenzi, akamwomba picha. Picha ilipofika akajibu, "Samahani kaka, sikujua uko hivyo," na kuanzia hapo akanyamaza kimya. Mzungu mmoja yeye alimtaka kwa sababu hiyohiyo ya weusi, akamwandikia mambo ambayo mtu huyasema kuhusu ng'ombe wa mnadani. Ildefons hakuona tofauti yao. Wote hawakumuuliza jina.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo baadaye alilijutia. Simu yake ilikuwa na sehemu ya kurembesha picha. Alisogeza kidole kidogo, uso ukang'aa. Akasogeza tena, ukang'aa zaidi. Aliitazama ile sura ya rangi ya maji ya kunde ikimtabasamia, akaiona nzuri, akafungua profaili mpya akaiweka. Jioni ileile Haruni akamwandikia.

Haruni wa mtaa wa Bilele, Bukoba! Babu yake, mzee Burhani, alitokea pwani ya Tanga akaoa Bukoba. Mjukuu alirithi nywele za mawimbi, pua nyembamba na rangi ya chai ya maziwa. Kwenye mtandao ule watu walimgombania kama mpira wa kona. Lakini kwenye simu alikuwa mtu mwingine, mpole, mwenye kuuliza umekula nini, umelalaje, mama anaendeleaje. Wote humo walimwita Mwarabu wangu, alimwambia Ildefons siku moja, na hakuna aliyewahi kutaka kujua anapenda nini. "Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza," alisema. Mapenzi yao yalianzia hapo. Tangu wakati kahawa zilipokuwa bado mbichi mpaka zilipoanikwa, hawakulala bila kusikizana. Haruni alipoomba waonane kwa video, Ildefons alisingizia mtandao wa Kimwani. Na Haruni aliposema, "Njoo kwetu Jumamosi, nimeshamwambia mama kuwa rafiki yangu mwalimu anakuja," Ildefons alikubali kabla hajafikiri. Kisha akakaa wiki nzima akitafuta maneno ya kumweleza kuhusu picha. Aliyapata. Alikuwa amepanga kuyasema mlangoni kabisa, kwa mzaha, kabla ya salamu kupoa.

Bodaboda ilimshusha mwanzo wa mtaa kwa sababu mvua ilikuwa imekata njia. Ilibidi ajitwike mkungu begani. Hapo tatizo likajitokeza. Kikonyo cha mkungu kilikuwa bado kinatoa utomvu, na kila Mhaya anajua kuwa utomvu wa ndizi ukishika shati jeupe, shati hilo halina tena harusi wala msiba wa kwenda. Ildefons alitazama huku na huku. Mtaa ulikuwa mtulivu. Alivua shati, akalikunja vizuri akaliweka kwenye begi, akabaki na fulana ya ndani. Akasokota ngata ya makanja, yale majani makavu ya mgomba, akaiweka begani, akanyanyua mkungu. Nitavaa nikifika getini, alijiambia.

Alifika getini akiwa na kijasho chembamba, matope kwenye viatu. Alikuwa bado hajautua mkungu geti lilipofunguliwa.

Aliyefungua alikuwa Shamsa, dada yake Haruni. Ildefons alimtambua mara moja kwa ile pua. Shamsa naye alimtazama mgeni wake, akatazama mkungu, akachanua uso.

"Afadhali umefika! Mjomba Faruku alisema tangu asubuhi kuwa anatuma mtu wa ndizi. Pole na mzigo, kaka."

"Asante, dada. Lakini mimi..."

"Zungukia nyuma tafadhali. Hapa mbele tumeshapiga deki, tuna mgeni leo."

Ildefons alifungua kinywa amwambie kuwa mgeni ni yeye. Lilikuwa jambo la kucheka tu. Angecheka, Shamsa angejishika mdomo kwa aibu, na kisa hicho wangekisimulia miaka. Ila kabla hajasema, pazia la barazani lilisogezwa, na Haruni akatoka.

Jamani, picha hazikuwa zimemtendea haki. Alikuwa amevaa kanzu ya rangi ya maziwa, nywele bado zina maji ya udhu, na macho yale ambayo Ildefons aliyajua kwa picha tu sasa yalikuwa hai, yanamtazama. Moyo wa Ildefons ulimwenda mbio mpaka mkungu ukawa mwepesi. Akatabasamu kwa tabasamu lake lote.

"Hamjambo hapa?" alisema.

Macho ya Haruni yalikuwa yamempita kama yanavyompita mpita njia. Aliposikia sauti, yalirudi. Yalisimama usoni kwa Ildefons, yakashuka kwenye fulana, kwenye mikono, kwenye matope, yakapanda tena. Ildefons aliona yote. Aliona anavyotambuliwa. Aliona midomo ya Haruni ikijifungua kulitaja jina lake, akangoja. Ilikuwa zamu ya Haruni kusema. Neno moja lilitosha.

Midomo ilijifunga.

"Shamsa," alisema Haruni, sauti imekauka, "mwonyeshe pa kuweka."

Kisha akageuka akaingia ndani, na pazia likarudi mahali pake.

Kuna aibu inayompa mtu nguvu za kupiga kelele, na kuna nyingine inayomnyang'anya hata miguu. Ildefons alipata hii ya pili. Angeweza kutupa mkungu pale akaondoka. Angeweza kusema, "Mimi ndiye Ildefons." Lakini angelisema jina hilo mbele ya nani, ikiwa mwenye kulijua amelikataa? Na wakimwambia mbona hafanani na picha? Alimfuata Shamsa kando ya nyumba, pamoja na mkungu wake, akiinamisha kichwa chini ya kamba ya nguo.

Uani kulikuwa na moshi na harufu ya pilau. Mwanamke wa makamo mwenye ushungi wa kijani alikuwa akipalia makaa juu ya mfuniko. Huyo alikuwa Bi Nasma, mama yao.

"Shikamoo, Mama," Ildefons alisema, akautua mkungu.

"Marahaba, mwanangu. Ehee! Huo ndio mkungu. Faruku leo kapata mtu anayejua ndizi. Alisema mmeshamalizana, au siyo?"

"Tumemalizana, Mama."

Hakujua kwa nini alijibu hivyo. Uongo mdogo ulikuwa umetoka wenyewe.

"Kaa hapo kwenye kigoda upumzike. Shamsa, mletee maji. Umetoka mbali?"

"Kimwani."

"Kimwani ya Muleba! Yote hiyo na huo mzigo? Basi huondoki bila kula." Bi Nasma alifunua sufuria, akachota pilau, akachagua vipande vya nyama bila uchoyo, akamwekea sahani mikononi. "Hii tumempikia mgeni wa mwanangu Haruni. Rafiki yake, mwalimu, naye ni wa hukohuko Muleba. Mpaka saa hizi hajatokea, na mimi siwezi kuacha mtu mwenye njaa anatazama sufuria. Kula."

Ildefons aliishika sahani. Ilikuwa nzito na ya moto. Alimtazama mama huyu ambaye wiki nzima alikuwa akijiuliza atampenda au la, na hakuona kwake hata chembe ya ubaya. Hilo lilimuumiza zaidi.

"Labda unamfahamu," aliendelea Bi Nasma. "Mwalimu Ildefons. Haruni alinionyesha picha yake. Kijana mzuri, mweupe, uso wa upole. Nikasema huyu naye lazima ana damu ya pwani. Unamfahamu?"

"Namfahamu kidogo, Mama."

"Ni mtu wa namna gani? Niambie ukweli. Haruni wangu hana marafiki, ni mtu wa duka na nyumbani, duka na nyumbani. Tangu ampate huyo mwalimu anacheka peke yake. Namsikia chumbani anacheka na simu, nami nafurahi. Ni mtu mwema?"

Ildefons alichukua kikombe. Alikunywa maji.

"Ni mtu wa kawaida tu," alisema. "Anampenda sana huyo rafiki yake. Hilo nalijua."

"Alhamdulillahi." Bi Nasma aligeuka akaita kuelekea ndani. "Haruni! Mpigie mgeni wako, chakula kinaharibika!"

Haruni alitokea kwenye mlango wa jikoni, simu sikioni. Uso ulikuwa umemshuka. Hakumtazama mtu aliyekaa kwenye kigoda, na kwa kutomtazama kwake mtu yeyote mwenye macho angejua anamwona yeye tu. Alijifanya anasikiliza.

"Hapatikani, Mama."

Simu ya Ildefons ilikuwa mfukoni, imewashwa, na haikutikisika hata kidogo.

"Maskini, kijana wa watu amekwama wapi?" Bi Nasma alinawa mikono. "Ngoja niswali adhuhuri, nikirudi tutaona. Shamsa, njoo tandika mkeka. Haruni, muongeze huyu kaka nyama akimaliza."

Wanawake waliingia ndani. Uani walibaki wawili, na sufuria katikati yao.

"Ilde," Haruni alinong'ona.

"Mimi sipatikani."

"Tafadhali. Usiniumize hivyo."

"Nani anamuumiza mwenzake hapa, Haruni? Mimi niliyekaa kwenye kigoda nakula chakula cha mgeni, na mgeni mwenyewe ni mimi?"

Haruni alikuja akachuchumaa karibu na jiko, akajifanya anapanga makaa. Walikuwa karibu kiasi kwamba Ildefons alisikia harufu ya udi kwenye kanzu yake. Alikuwa ameiota harufu hiyo, akaipa majina. Sasa ilikuwa puani kwake na hakujua aifanyie nini.

"Nilichanganyikiwa," alisema Haruni. "Picha zako..."

"Picha ni kosa langu. Nilizing'arisha, na hilo nalibeba mwenyewe. Leo nilikuja kukuomba radhi kwa hilo kabla ya lolote. Ila nijibu kitu kimoja. Ulinijua pale getini?"

"Niliposikia sauti yako, nilikujua."

"Basi kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Mama ameiona picha. Shamsa ameiona. Ningewaambiaje kuwa huyu ndiye yule?"

"Ungewaambia simu inadanganya. Mngenicheka, nami ningecheka, tungekaa tukala."

"Si rahisi hivyo, Ilde. Unajua hali yetu sisi. Wakianza kuuliza maswali, moja litazaa lingine..."

"Hapana. Usijifiche hapo." Ildefons aliweka sahani chini. "Hofu hiyo naijua, naamka nayo kila siku. Ingekuwa ni hofu hiyo ningekuelewa, ningeondoka kimya na ningeendelea kukupenda. Lakini nyumba nzima ilikuwa inamsubiri rafiki yako. Walimpikia, walimpigia deki. Rafiki alishapewa ruhusa ya kuingia kwa mlango wa mbele, Haruni. Aliyenyimwa ni mimi mwenye sura hii."

Kutoka ndani ilisikika sauti ya Bi Nasma, "Allahu akbar," tulivu.

"Ningekuwa yule wa kwenye picha," Ildefons aliendelea, sauti imeshuka, "na nimekuja hivihivi, na fulana na matope na mkungu begani. Ungesema?"

Haruni alipuliza makaa.

"Niambie ukweli tu. Nimetoka mbali, nipe hata hicho."

"Ningesema," alijibu Haruni.

Ildefons alitikisa kichwa polepole kama mtu anayesomewa majibu ya hospitali ambayo alishayahisi.

"Unajua kuwa si wewe uliyeanza kuniandikia?" alisema. "Mimi nilikuandikia kwanza, miezi kabla ya hapo, na picha yangu ya kweli. Nilikusalimia tu. Unakumbuka ulichofanya?"

"Sikumbuki."

"Ulinizuia nisikuandikie tena. Ndiyo maana nilifungua profaili nyingine."

Haruni alijifunika uso kwa kiganja. Alipokitoa, macho yalikuwa mekundu.

"Sijui ugonjwa huu niliutoa wapi, wallahi sijui," alisema. "Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mhaya wa Kamachumu, mweusi kukushinda wewe, na hakuna mtu niliyempenda utotoni kama yeye. Lakini nilipoanza kutamani, nilitamani upande mmoja tu. Humo mtandaoni wote walikuwa wakinisifia rangi, nami nikaamini kuwa ndiyo mali yangu, na nikawa nawapima wengine kwa hiyohiyo. Halafu ukaja wewe. Nilikupenda, Ilde. Nakupenda. Sema neno lolote hapa na utaona. Sauti yako ikianza tu, mimi nimekwisha."

"Niseme nini?"

"Lolote. Niambie kama ulivyokuwa ukiniambia. Niambie mvua ya Kimwani inavyokuja."

Na Ildefons, masikini ya Mungu, alisema. Badala ya kuondoka alisema. Alimwambia jinsi mvua inavyoanza kusikika kwenye migomba ya mbali kabla haijafika, jinsi mama yake, Klaudia, anavyokimbilia kahawa zilizoanikwa na kuita watoto ambao walishakuwa watu wazima wakaondoka. Aliongea kwa sauti ileile ya simu, ya chini, ya taratibu. Aliona mabega ya Haruni yakilegea. Aliona tabasamu likimjia, lile alilokuwa akilisikia tu na kulikisia. Kwa muda kidogo alisahau kila kitu, akajiona amefika.

Kisha akaona kuwa Haruni alikuwa amefumba macho.

"Fumbua macho," Ildefons alisema.

Haruni alifumbua. Alimtazama, na Ildefons aliona lile tabasamu likihangaika. Haruni alikuwa akijitahidi, mtu anaweza kuona mwenzake akijitahidi. Alinyoosha mkono akaugusa mkono wa Ildefons, vidole vyeupe juu ya vyeusi, akavitazama, akavitazama tena, na mkono ukarudi wenyewe kando ya jiko.

"Nipe muda," alisema kwa unyonge.

"Muda wa nini?"

"Wa kukuzoea."

Ildefons alitaka kukasirika. Alijitafutia hasira kila kona ya moyo wake na hakuipata, alikuta mapenzi yametapakaa humo kama nguo ambazo hazijakunjwa. Angemchukia vipi mtu aliyemuuliza kila siku umekula nini? Angempenda vipi mtu anayetaka kumzoea yeye kama dawa chungu? Alijiona hana njia ya kwenda mbele wala nyuma, na aliyekuwa mbele yake hakuwa na njia pia.

"Utaweza?" aliuliza.

"Sijui, Ilde. Nisikudanganye, sijui."

Mlango ulilia. Bi Nasma alitoka akirekebisha ushungi, Shamsa nyuma yake. Haruni alisimama haraka, akapangusa magoti ya kanzu.

"Bado hapatikani?"

"Bado, Mama. Labda amepata dharura."

"Basi si riziki yetu leo." Bi Nasma alikwenda kwenye mkungu, akabinya ndizi moja, akanusa, akasimama mbele ya Ildefons akimtazama kwa upendo wa mtu aliyepata bidhaa nzuri na mtu wa adabu kwa wakati mmoja. "Mwanangu, nina shauri. Ndizi za sokoni siku hizi tunauziwa zilizokonda. Wewe uwe unatuletea, kila Jumamosi ukija mjini. Utapata na chakula hapahapa. Nitamwambia Faruku mpatane vizuri. Unaonaje?"

Ildefons alimtazama Haruni. Uso wa Haruni ulikuwa umebadilika. Kulikuwa na mwanga ndani yake, mwanga wa mtu anayezama aliyeona kamba. Aligeuza kichwa kidogo ili mama asimwone, na macho yale mazuri yakasema yote: kila Jumamosi tutaonana, hakuna atakayetushuku, sema ndiyo, nitakuzoea, sema ndiyo.

Alikuwa akimwomba kwa mapenzi. Hapo ndipo palipokuwa na maumivu, kwamba yalikuwa mapenzi kweli.

"Shule... kazi zangu ni nyingi, Mama," Ildefons alianza.

"Jaribu, mwanangu."

Kulikuwa na njia mbili tu. Akisema hapana, asingeliona tena tabasamu lile. Akisema ndiyo, angeliona kila Jumamosi, kutoka kwenye kigoda. Alifikiri kwamba mtu mwenye akili timamu asingesita. Alifikiri kwamba Jumatatu, akiwa ubaoni mbele ya wanafunzi, angejichukia. Alisikia moyo wake ukijibu kabla yake.

"Nitaleta," alisema.

"Umefanya vizuri sana. Na jina lako nani, ili ukigonga tukujue?"

Makaa yalipasuka mara moja. Ildefons aliona rangi ikimtoka Haruni usoni. Jina lake lilikuwa kwenye ulimi, alilopewa ubatizoni na linaloitwa asubuhi na wanafunzi wote wakisimama. Alilitaja mara moja tu moyoni.

"Joackim," alisema.

Haruni alishusha pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu ya mtu aliyeokolewa, haikujificha, na Ildefons aliisikia mpaka mwisho wake.

"Haya, Joackim, karibu sana," alisema Bi Nasma, akimfungulia kigeti kidogo cha kando ya nyumba. "Na ukimwona yule mwalimu huko kwenu, mwambie mama yake Haruni anamsalimia. Mwambie aje siku yoyote. Asipige hodi, kwake mlango wa mbele uko wazi."

"Nitamwambia, Mama."

Alichukua begi lake lenye shati, akainama chini ya kamba ya nguo, akatoka kwa njia aliyoingilia.